Kulinganisha Zana za Mipangilio ya Windows, macOS na Linux: Mwongozo Kamili kwa Wasanidi Programu

Ofisini kwetu Njiro, hapa Arusha, tunaketi wasanidi programu watatu kwenye meza moja ndefu, na kila mmoja ana kompyuta yenye mfumo endeshi wake: mmoja anatumia Windows 11, mwingine Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na mimi natumia macOS. Kazi inayotulisha ni mifumo ya kupokea oda za watalii wanaokwenda Serengeti na Ngorongoro au wanaopanda Kilimanjaro, na msimbo tunaouandika ni mmoja kwa sote. Hata hivyo, mara nyingi msimbo huo huo hukubali kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine, na tukichunguza kwa utulivu tunakuta kosa haliko kwenye msimbo hata kidogo, bali kwenye mpangilio fulani ambao mmoja wetu aliubadilisha miezi mingi iliyopita kwa kubofya mahali fulani, wala hakumbuki tena alibofya wapi.

Kwa sababu hiyo nimejifunza kutazama zana za mipangilio kwa jicho la fundi. Dirisha la mipangilio lenye picha na vitufe ni mahali pazuri pa kugundua kwamba mpangilio upo, lakini si mahali pa kuuhifadhia. Mpangilio wa msanidi programu unapaswa kukaa kwenye faili ya maandishi yenye amri zinazoweza kusomwa, kurudiwa na kutenguliwa. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, hubadilishwa mikono mara kwa mara, na kila inapofika nyingine tunaanza kuipanga upya kwa bando tulilolilipia wenyewe.

Maswali ya kupimia zana

Kabla ya kulinganisha, weka kipimo. Kwa kila zana mimi huuliza mambo manne. Je, inaniwezesha kusoma thamani iliyopo sasa kabla sijaigusa? Je, amri niliyoiandika leo nitaweza kuiandika vile vile kesho kwenye kompyuta nyingine? Je, kuna njia ya kurudi nilikotoka? Na swali la nne, ambalo watu wengi hulisahau: nikikosea herufi moja, je, zana itanikatalia au itanyamaza na kupokea kosa langu kana kwamba ni sahihi? Utaona mbele kwamba swali hili la nne ndilo linalotenganisha zana hizi kuliko yote.

Hatua ya kwanza: tambua mpangilio ni wa nani

Kila mfumo endeshi una mipangilio ya mtumiaji na mipangilio ya kompyuta nzima. Kwenye Windows, ya mtumiaji hukaa chini ya HKEY_CURRENT_USER (kwa kifupi HKCU) katika Rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows, na ya kompyuta nzima chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE (kwa kifupi HKLM). Kwenye macOS, ya mtumiaji iko kwenye folda ya Library/Preferences ndani ya nyumba yake, na ya wote iko kwenye /Library/Preferences. Kwenye Linux, ya mtumiaji hukaa zaidi ndani ya folda iliyofichwa ya .config, na ya kompyuta nzima ndani ya /etc. Kanuni ninayoifuata ni kwamba linalowezekana upande wa mtumiaji lifanyike huko, maana halihitaji haki za msimamizi na halimwathiri mwenzako anayetumia kompyuta hiyo hiyo.

Lipo pia tabaka la tatu, la mwajiri. Ukiona dirisha la mipangilio linakuambia kuwa sehemu fulani inasimamiwa na taasisi, usitafute mlango wa nyuma; nenda kwa afisa TEHAMA umweleze unachohitaji na sababu yake, kwa kuwa hata ukifaulu kubadilisha, sera ya taasisi itakirudisha kilivyokuwa.

Hatua ya pili: Windows na nyumba yake yenye milango mingi

Windows ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu historia yake haikufuta ya zamani ilipoleta mapya. Control Panel imekuwepo tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, na programu ya Settings tunayoijua ilichukua sura yake ya sasa kuanzia Windows 10 ya mwaka 2015, lakini hadi leo baadhi ya mambo yanapatikana huku na mengine kule. Chini ya zote mbili kuna Rejista, na juu ya Rejista kuna PowerShell, yaani dirisha la kuandikia amri, ambayo ndiyo ninayomshauri msanidi programu aizoee. Kihariri cha sera cha gpedit hakimo katika toleo la Home, ambalo ndilo limo kwenye kompyuta nyingi za madukani, kwa hiyo mwongozo wowote unaoanzia hapo utakukwamisha.

Anza na jambo dogo, nalo ni kuonyesha herufi za mwisho wa jina la faili kama vile .js au .env, ambazo Windows huzificha. Soma kwanza thamani iliyopo:

Get-ItemProperty 'HKCU:\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced' -Name HideFileExt

Ukipata 1, maana yake zimefichwa. Kisha badilisha:

Set-ItemProperty 'HKCU:\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced' -Name HideFileExt -Value 0

Andika amri zote mbili kwenye faili yako, na kando yake andika thamani ya zamani. Huo ndio mwenendo wote: kusoma, kubadilisha, kuandika.

Jambo la pili ni urefu wa njia ya faili, yaani anwani yake yote kuanzia diski hadi jina la faili. Kwa kawaida Windows huishia herufi 260, na miradi ya JavaScript yenye folda ndani ya folda huvuka mpaka huo upesi, hasa mtu anapohifadhi kazi yake kwenye folda yenye jina refu la mteja. Kuanzia Windows 10 toleo la 1607 mpaka huo unaweza kuondolewa kwa programu zinazokubali njia ndefu, kwa kufungua PowerShell yenye haki za msimamizi na kuandika:

New-ItemProperty -Path 'HKLM:\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\FileSystem' -Name LongPathsEnabled -Value 1 -PropertyType DWORD -Force

Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, ina mpangilio wake pembeni, nao ni git config --global core.longpaths true. Usipouweka, utaendelea kupata kosa lile lile na kudhani kuwa amri ya kwanza haikufanya kazi.

Sasa niseme kuhusu PATH, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu unayoiita kwa jina, maana hapo niliumia. Kijana mmoja alikuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, na mimi, kwa haraka ya kumsaidia, niliandika kwenye kompyuta yake amri hii:

setx PATH "%PATH%;C:\zana\bin"

Baada ya dakika chache akaniita: “Dada, mbona node haipo tena?” Nikamwambia, “Subiri kidogo mdogo wangu, nitazame.” Nilipotazama nikaelewa nilichokifanya. Amri ya setx hukata maandishi yanapofika herufi 1024, na zaidi ya hapo %PATH% huchanganya njia za kompyuta nzima na njia za mtumiaji, zile za mtumiaji zikiwa mwishoni. Mfumo uliunganisha zote, ukakata mkia, na mkia huo ndio uliokuwa na node yake pamoja na zana nyingine alizozisakinisha upande wa mtumiaji. Hapakuwa na nakala ya zamani. Tuliketi mchana mzima tukizitafuta njia hizo moja moja.

Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa vigeu vya mazingira (PATH ni kimojawapo) kwenye Windows, naandika kwanza:

reg export HKCU\Environment mazingira.reg

Faili hiyo inabeba thamani kama zilivyo, na kuzirudisha ni kwa reg import mazingira.reg, kisha kutoka kwenye akaunti na kuingia tena. Kuongeza njia mpya nafanya hivi:

$p = [Environment]::GetEnvironmentVariable('Path','User')
[Environment]::SetEnvironmentVariable('Path', "$p;C:\zana\bin", 'User')

Njia hii husoma upande wa mtumiaji peke yake na haikati. Kama unapendelea dirisha, kifurushi cha PowerToys kinachotolewa bure na Microsoft kina kihariri cha vigeu vya mazingira kinachoonyesha kila njia kwenye mstari wake, nacho ni salama kuliko kisanduku kile cha zamani.

Anayetumia WSL, yaani Linux iliyo ndani ya Windows, aangalie kumbukumbu. WSL 2 isipopewa mpaka inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM yote, na kwenye kompyuta ya GB 8, ambayo ndiyo ya kawaida hapa mjini, kivinjari na kihariri cha msimbo vitabaki vikigombania GB 4. Fungua faili ya .wslconfig kwenye folda yako ya mtumiaji, andika ndani yake mistari miwili:

[wsl2]
memory=3GB

kisha amuru wsl --shutdown ili ianze upya ikiwa na mpaka huo. Napenda mpangilio huu kwa sababu ni faili ya maandishi tangu mwanzo. Unainakili na kwenda nayo.

Kwa upande wa kipimo chetu, Windows inasomeka na inarudiwa, lakini Rejista hainyanyui mkono ukikosea. Ukiandika HideFileExtt kwa herufi mbili za t, itaunda thamani mpya yenye jina hilo, itakaa kimya, na wewe utabaki ukishangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Hatua ya tatu: macOS na amri ya defaults

Dirisha la mipangilio la macOS lilibadilishwa jina na mpangilio wake wote mwaka 2022, toleo la Ventura lilipotoka, kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani yanataja mahali ambapo hapapo tena. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kujifunza amri ya defaults, kwa kuwa amri zangu nyingi zilivuka mabadiliko hayo bila kuguswa.

Kuna mipangilio ambayo dirisha haliionyeshi kabisa. Kwa mfano, ukishikilia herufi kwenye kibodi, macOS hukuletea kisanduku cha herufi zenye alama badala ya kuirudia herufi hiyo, jambo linalomsumbua sana anayetumia vitufe vya h, j, k na l kusogeza kishale. Dawa yake ni:

defaults write -g ApplePressAndHoldEnabled -bool false

Funga programu husika na uifungue tena. Kutengua ni defaults delete -g ApplePressAndHoldEnabled. Usisahau neno -bool. Ukiliacha, thamani itaandikwa kama maandishi matupu, na programu nyingine zinaweza zisiielewe. Vilevile usifungue faili za plist, ambamo macOS huhifadhi mipangilio hiyo, na kuzihariri kwa mkono wakati mfumo unatumika, kwani kuna huduma inayoshikilia thamani hizo kwenye kumbukumbu, nayo inaweza kuandika ya zamani juu ya uliyoyabadilisha.

Ili kujua mpangilio wa dirishani unaitwaje kwa amri, tumia njia ninayoipenda sana kwa urahisi wake. Andika defaults read > kabla.txt, nenda dirishani ubadilishe kitu kimoja tu, rudi uandike defaults read > baada.txt, halafu diff kabla.txt baada.txt. Mistari inayotofautiana ni michache, na kati yake utauona ule uliokuwa ukiutafuta.

Ujue pia mipaka ya defaults. Masuala ya umeme na usingizi wa kompyuta yapo kwenye amri ya pmset, jina la kompyuta liko kwenye amri ya scutil, na ruhusa za faragha, kama vile kuiruhusu terminali (dirisha la kuandikia amri) kusoma diski yote, hutolewa kwa mkono wa mwenye kompyuta dirishani. Ziandike kwenye faili yako kama maelezo ili usizisahau. Kwa swali la nne, defaults haina tofauti na Rejista: hupokea jina lolote, hata lililokosewa.

Hatua ya nne: Linux, inayokufundisha ikiwa unaitumia

Nitakaa zaidi hapa, kwa sababu naamini mazingira ya GNOME, yaani madirisha na menyu ambazo Ubuntu huzitumia, yana zana bora ya mipangilio kwa anayetaka kujifunza, ingawa mimi mwenyewe kazini natumia macOS.

Fungua terminali, andika dconf watch / na uiache wazi upande mmoja wa skrini. Upande wa pili fungua dirisha la mipangilio, nenda kwenye sehemu ya skrini, washa mwanga wa usiku. Papo hapo kwenye terminali yanatokea maandishi haya:

/org/gnome/settings-daemon/plugins/color/night-light-enabled
  true

Zima, na neno false linatokea chini yake. Kila unachobofya kinajitaja jina lake mbele ya macho yako. Nilipomwonyesha yule kijana wa mafunzo, alitumia nusu saa nzima akibofya kila kitufe na kuandika majina kwenye daftari, na kufikia jioni alikuwa na faili ya amri ya kwake.

Kutoka hapo tumia gsettings. Tofauti na zana mbili zilizotangulia, hii inafanya kazi kwa kufuata orodha rasmi ya mipangilio, kwa hiyo inaweza kukueleza kila mmoja wake:

gsettings describe org.gnome.desktop.interface color-scheme
gsettings range org.gnome.desktop.interface color-scheme

Amri ya pili itakuonyesha kwamba thamani zinazokubalika ni default, prefer-dark na prefer-light. Ukijaribu kuweka neno lisilokuwemo, itakataa na kukwambia kuwa thamani iko nje ya mipaka. Ukikosea jina la mpangilio, itasema haupo. Kurudi ni gsettings reset na jina lile lile. Hapa maswali yote manne yamejibiwa. Tahadhari yangu ni moja tu: dconf write haipiti kwenye orodha hiyo, hivyo inapokea makosa kama zile nyingine, itumie dconf kwa kutazama, na gsettings kwa kuandika.

Mipangilio ya kiini cha mfumo ina zana yake, sysctl, na msanidi programu hukutana nayo siku anapopata ujumbe wa ENOSPC unaosema kikomo cha wachunguzi wa faili kimefikiwa. Wengi huona ENOSPC wakadhani diski imejaa, wakaanza kufuta picha na video, kumbe kilichojaa ni idadi ya faili ambazo mfumo umekubali kuzifuatilia kwa ajili ya mtumiaji mmoja. Kiini cha zamani kilikuwa na kikomo cha 8192. Kuanzia toleo la 5.11 la mwaka 2021 kikomo hupangwa kulingana na RAM iliyopo, kwa hiyo kompyuta yenye RAM ndogo bado inaweza kukwama. Soma kwanza:

cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches

Ukitumia sudo sysctl -w utabadilisha kwa leo tu, na umeme ukikatika, nusu saa baadaye utakuwa umerudi ulikoanza. Ili mpangilio udumu, tengeneza faili /etc/sysctl.d/60-wachunguzi.conf yenye mstari huu:

fs.inotify.max_user_watches=524288

kisha amuru sudo sysctl --system. Tofauti hii kati ya mpangilio wa leo na mpangilio wa kudumu iulize kwa kila zana unayoigusa kwenye Linux, maana ndipo watu wengi wanapopoteza muda.

Anayetumia KDE badala ya GNOME atakuta mambo ni tofauti: mipangilio mingi huandikwa kwenye faili za maandishi ndani ya .config, hivyo unaweza kuziweka moja kwa moja kwenye Git na kuona kilichobadilika.

Hatua ya tano: saa

Mtu anaweza kudhani saa ni jambo dogo. Kwa anayeandika mifumo ya oda za safari si dogo, kwa sababu tarehe ikiteleza siku moja, mgeni atafika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na asimkute dereva. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima. Maana yake, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku hapa Arusha, tarehe ya UTC bado ni ya jana, na jaribio la msimbo linalopita mchana linaweza kufeli usiku.

Kwenye Linux andika sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Kwenye macOS ni sudo systemsetup -settimezone Africa/Dar_es_Salaam. Kwenye Windows usitafute Dar es Salaam wala Dodoma, hutaziona, chagua mstari wa UTC+03:00 wenye jina la Nairobi, au andika tzutil /s "E. Africa Standard Time".

Mwenye Windows na Linux kwenye kompyuta moja atakutana na tatizo linalojirudia: akitoka Linux na kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa tatu kamili. Linux huiandika saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, na Windows huisoma ikidhani ni saa ya hapa. Windows ndiyo ya kurekebisha, kwa haki za msimamizi:

reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1

Njia ya kinyume, yaani kuilazimisha Linux itumie saa ya hapa, ipo, lakini timedatectl yenyewe inakuonya ukiifuata, nami nakubaliana nayo.

Hatua ya sita: linda bando na betri

Mifumo yote mitatu hupakua masasisho bila kuuliza, na ukiwa umeunganisha kompyuta kwenye simu, bando la wiki linaweza kuisha kabla ya chai ya saa nne. Kwenye Windows fungua sifa za mtandao wa Wi-Fi na uweke alama kwamba unalipiwa kwa kipimo. Kwenye macOS kuna hali ya data kidogo kwenye maelezo ya kila mtandao. Kwenye Linux ni amri:

nmcli connection modify "SimuYangu" connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold

Ya pili ni kwa wenye Ubuntu, kwani vifurushi vya snap vina ratiba yao wenyewe. Masasisho ya usalama yenyewe usiyafute. Yapangie siku utakayokuwa kwenye intaneti isiyopimwa.

Kuhusu betri nitasema moja tu. Unaponunua kompyuta ya mtumba yenye Windows, kabla hujatoa pesa, fungua terminali dukani na uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa kujaa sasa. Ukikuta umeshuka hadi nusu, una hoja ya kujadiliana bei.

Hatua ya saba: kusanya kila kitu kwenye folda moja

Tengeneza folda, iite mipangilio, iweke kwenye Git, na iwe ya faragha. Ndani yake weka faili tatu za amri, moja kwa kila mfumo, na orodha za programu ulizosakinisha. Windows hukutolea orodha kwa winget export -o programu.json na kuirudisha kwa winget import -i programu.json. Homebrew, zana ya kusakinisha programu kwenye macOS, hufanya vivyo hivyo kwa brew bundle dump na brew bundle. Kwenye Ubuntu au Debian, apt-mark showmanual > programu.txt inatosha. Kumbuka kwamba kurudisha orodha ni kupakua upya kila kitu, kwa hiyo pitia orodha kwanza ufute usivyovihitaji.

Kabla ya kuhifadhi, fungua kila faili na uisome kwa macho yako. Ile mazingira.reg ya Windows inabeba vigeu vyote vya mazingira vya mtumiaji, pamoja na nywila za hifadhidata na funguo za huduma ikiwa uliziweka humo, na dconf dump /, inayotoa mipangilio yako yote ya GNOME, ikitumiwa bila kuchuja hubeba pia njia za mafaili ya wateja wako. Kwenye Git kitu kikishaingia, kukifuta kesho hakukiondoi kwenye historia.

Ninaombwa mara kwa mara ushauri kuhusu programu na hati za mtandaoni zinazoahidi kuisafisha Windows kwa mbofyo mmoja. Mimi sizitumii, kwa sababu zinashindwa swali la kwanza na la tatu kwa pamoja: hazikuonyeshi thamani ya zamani, na nyingi haziwezi kukurudisha. Ukitaka kujifunza kutoka kwao, pakua hati, isome mstari kwa mstari, na uchukue mistari unayoielewa.

Hatua ya nane: ijaribu

Faili ya amri ambayo haijajaribiwa haina tofauti kubwa na kumbukumbu ya kichwani. Huna haja ya kompyuta ya pili. Tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwenye hiyo hiyo. Kwenye Ubuntu ni sudo adduser jaribio, na kwenye Windows, kwa haki za msimamizi, ni net user jaribio * /add. Ingia kwenye akaunti hiyo, endesha faili yako, kisha kaa ufanye kazi ya kweli kwa saa moja: fungua mradi, endesha majaribio, tuma mabadiliko kwenye Git. Kila utakapojikuta unakwenda dirishani kubofya kitu, simama, tafuta jina lake kwa njia za hatua ya tatu na ya nne, uongeze mstari. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliongeza mistari kumi na moja, na mara ya pili miwili. Ukimaliza, ifute akaunti hiyo kwa sudo deluser --remove-home jaribio, au kwa net user jaribio /delete, na uweke kwenye kalenda siku ya kuirudia baada ya miezi mitatu.